Wali wa Ukungu

Gisenyi, Jumanne, Novemba 1998

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ziwa halionekani. Afadhali. Leo hata mimi sitaki kuonekana.

Kazi yangu maabarani ni kuotesha ukungu unaoua fukusi wa migomba. Tunaupanda kwenye mifuko ya wali, na tunachotafuta ni spora, lile vumbi la kijani ambalo wakulima hulipaka mashinani. Safari hii nilizidisha maji, kisha nikafungia mifuko kwenye kabati lenye giza. Ukungu ukanenepa, mweupe kama pamba, spora hakuna. Mifuko michache ya wali mkavu, niliyoiacha karibu na dirisha penye mwanga, imegeuka kijani yote.

Basi ile mibovu nikatoka nayo kuimwaga shimoni.

Hapo ndipo alipofika shangazi Konsolata, kuniletea ufunguo niliousahau. Alikimbia vita Cyanzarwe na wajukuu wawili, sasa anaishi kwangu. Matope yalimfika magotini. Asubuhi nilikuwa nimemwambia mchele umeisha nyumbani, tutachemsha viazi.

Akainama, akatia mkono kwenye mfuko mmoja wa wali.

"Wali yote hii? Mi nitaosha, batoto bakule."

Nilimpiga mkono. "Usiguse, umeoza."

Mkuu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni na wageni wawili kutoka Kigali. Akauliza huyo mama ni nani.

"Simjui," nikasema. "Mama wa kijijini tu, ameingia kuokota mabaki."

Nilisema kwa Kiswahili changu cha Karagwe, nilikokulia. Shangazi alikaa Goma miaka mingi. Alisikia kila neno.

Wageni walicheka.

Nami nikacheka.

Akaweka ufunguo juu ya jiwe, taratibu, akaondoka bila kuniangalia.

Familia yetu iliporudi nchini kutoka ukimbizini Karagwe, mikono mitupu, ni yeye aliyetupokea. Alilala chini kwenye mkeka ili mimi nipate kitanda. Huyo ndiye nisiyemjua.

Jioni nimemkuta ameivisha viazi, vikubwa ameniwekea mimi. Watoto wamekula, wamelala. Ya mchana hakuyagusa. Nilijaribu kuanza, "Shangazi, pale kazini..." Akanikatiza, akanihimiza nile kabla havijapoa. Nilipokuwa nikikusanya sahani ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Bon, siku ingine nikikuletea kitu kwa kazi, nipite mulango ya nyuma?"

Nikamwambia hapana, apite mbele, na anisamehe. Akasema, "Haina shida, mwanangu," akaendelea kufuta meza. Sikuona kama ameniamini.

Asubuhi nitakwenda naye kazini. Nitamwambia mkuu kwamba huyu ni dada wa baba yangu, na kwamba jana nilisema uongo.

Wale wageni bado watakuwepo. Nitaweza kulisema mbele yao?