Kichuguu Chenye Matundu ya Duara

Jumamosi jioni, Sumbawanga. Baridi, na manyunyu ambayo hayajaamua yanyeshe au yaache.

Shajara, leo nina jambo, na vidole vyangu vinataka kulitoa lote kwa mara moja. Hapa kwenye intaneti kafe, jirani wa kompyuta ya pili ameshanigeukia mara tatu kwa jinsi ninavyogonga.

Wanaonisoma wananijua. Shule iliniacha kidato cha pili, nami sikuikimbilia. Nimeuza mitumba Tunduma, nimelala Kitwe, nimepiga picha mbele ya mitambo ya shaba ya Wazambia nimeshika kiuno kama mwenye mali. Tangu biashara iwe huria, hakuna mpaka ambao haujaniona.

Sasa najenga gesti kule kwetu, kijiji cha mtoni kilichojipandisha cheo kuwa mji siku ilipofunguliwa baa ya pili. Ukisimama pale, maporomoko yanakulowesha shati, na chini kabisa, upande wa Muze, ziwa linametameta kama bati jipya. Hadithi za pale nazijua zote. Chatu wa maporomoko, yule anayewekewa unga wa ulezi, nilimpokea kwa wazee akiwa na urefu wa kawaida. Mimi nimemfikisha kwenye urefu wa lori la Fuso, na wageni wanampenda hivyo.

Kumbe nilikuwa sijui kitu.

Katika shamba la familia, ukingoni mwa mto, kuna kichuguu kirefu kupita mtu, kimefunikwa na magugu. Udongo wa kichuguu unatoa tofali zuri, hilo kila mtu anajua. Leo asubuhi nilikwenda kukivunja na Masanja, fundi matofali, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake na utani wake. Kwa kuwa mimi ndiye bosi, nikashika jembe nikapiga la kwanza. Likadondoka pande la upana wa sahani.

Masanja hakupiga la pili. Alifyeka magugu ya chini, akainama, akaanza kucheka.

"Bosi, mchwa wa Kifipa wana vipimo. Wametoboa matundu ya duara, yamezunguka kama madirisha ya gesti yako."

Nikamwambia mchwa wa kwetu wamesoma kuliko yeye. Lakini nami niliinama. Ndani ya matundu mlikuwa na mirija ya udongo uliochomwa, na chini yake mawe meusi, mazito, kama uji uliomwagika ukaganda.

Hapo akatokea Shangazi, dada wa baba, anatoka shamba la ulezi. Aliliona jembe mkononi mwangu. Akatua mzigo, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, ile salamu yetu ya kwa wakubwa.

"Shangazi, inuka," nikamwambia. "Mimi ndiye wa kukuamkia."

"Nani kakusalimia wewe? Namsalimia bibi harusi uliyempiga."

Akatueleza: lile ni lungu, tanuru la kuyeyushia chuma. Babu yake Shangazi ndiye aliyekuwa mzee wa moto pale. Walilijenga kwa udongo wa kichuguu, wakalipamba kama bibi harusi, na moto ulipowaka wanaume walikaa mbali na wake zao. Mmoja akitoroka kwenda nyumbani, chuma kinanuna, hakitoki. Yale mawe meusi ni mavi ya chuma, taka inayobaki chuma kikishatoka. Mimi miaka yote nimewaambia wageni yamedondoka kutoka mbinguni.

Nikajitetea kwamba gesti italeta maendeleo. Shangazi alitutangulia hadi jikoni kwake, akachomoa juu ya dari jembe jeusi, limelika hadi limebaki kama kiganja.

"Hili lilitoka humo. Lilikwenda na wenzake kumposa mama yangu."

Mama yake Shangazi ni bibi yangu mzaa baba.

Masanja alilipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito. "Bosi, umempiga aliyemtolea bibi yako mahari. Kwetu ungelipa ng'ombe."



Shajara, unaelewa? Kama moto ule ungenuna, mimi nisingekuwepo kujisifu. Nimetembea nchi tatu kushangaa matanuru ya watu, na letu nimelitambulisha kwa jembe la kichwa. Lakini moyo wangu unaruka. Lungu zima, limesimama, la kwetu!

Matofali nitayatafuta kwingine, hata gesti ikipungua vyumba viwili. Masanja amekubali tukaanze kulizungushia lungu wigo kesho, kwa sharti kwamba madirisha ya gesti yawe ya duara. Shangazi ameniagiza niende na unga wa ulezi, nipige makofi mbele ya lile kovu kabla sijagusa kitu.

Amenifundisha mchana, kabla sijapanda gari kuja mjini, mpaka viganja vimewaka. Anasema bado napiga kama mtu anayeshangilia mpira.

Tutaona kama bibi harusi ana subira.