Ishirini na Mbili Kulia

Duluth, Minnesota
18 Septemba 1994

Shangazi Pearl mpendwa,

Shikamoo. Kuna sauti moja ambayo bado inanifuata: penseli ikianguka juu ya meza ya mbao. Hapa maktabani ninapofanya kazi baada ya vipindi, wanafunzi huangusha penseli kila mara, na kila ikianguka moja mikono yangu inakuwa baridi. Nitakueleza siku nyingine, au sitakueleza. Kwanza niambie hali yako. Magoti yanasemaje? Bado unasimama asubuhi nzima ukikunja pirohi, zile sambusa zetu za viazi, kule ukumbi wa chini ya kanisa? Mimi ni mzima. Nakula, na ninalala kiasi.

Keki ya njugu ilifika bila kuvunjika. Uliifunga kwa gazeti la nyumbani, nami nikalinyoosha nikalisoma kabla sijaionja. Ukurasa wa wasomaji una barua tano, na zote tano zinamhusu Baba na timu ya shule. "Hritz anatuchezesha mpira wa enzi za babu zetu." "Kocha wa mashambulizi asiyeshambulia." Kinyozi Lou Vendetti anataka bodi ya shule imwondoe msimu ukiisha.

Baba hataniambia kitu. Unajua tunavyozungumza: Krismasi, kwa simu, theluji ya kwako, theluji ya kwangu. Tangu mdogo wangu Damian afe hatujavuka hapo. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Watu wanasema nini hasa? Na yeye anaonekanaje?

Binti wa kaka yako,
Thekla


Belden Ferry, Ohio
26 Septemba 1994

Thekla mwanangu,

Marahaba, mama. Magoti yanaomba kustaafu ila bado sijayapa ruhusa. Ijumaa tulikunja pirohi dazeni mia mbili na zikaisha kabla ya saa nane. Nimefurahi keki ilifika. Ile, kula mwenyewe, usigawie watu wa maktaba.

Sasa, mpira. Jumamosi tulifungwa kumi kwa sita na wale wa ng'ambo ya mto, na Jumapili baada ya ibada wanaume wakashuka chini kwa kahawa, meza ikawa bunge. Lou alianza hata kabla ya kuvua koti.

"Nieleze, Emmett," akamwambia mzee Crouse, yule anayetangaza mechi. "Una majaribio manne ya kusogea yadi kumi. La kwanza unakimbiza mpira katikati, unapata mbili. La pili unakimbiza tena, hupati kitu. Jaribio la tatu, zimebaki nane. Mtoto wa miaka sita anajua hapo mpira unarushwa. Basil anafanya nini?"

"Anakimbiza!" meza nzima ikaitikia.

"Anakimbiza! Mke wangu yuko jikoni, redio iko sebuleni, maji yanachemka, na bado anajua kwamba Basil atakimbiza!"

"Mkeo anajua mengi, Lou," Emmett akasema. "Anajua pia kwamba wewe hukuwahi kutoka benchi miaka yote minne ya sekondari."

Watu walicheka mpaka padre akachungulia ngazini. Lou hakucheka. Akasema, polepole, "Yule aliita mpira mrefu siku moja, na wote tunajua ulimfikisha wapi mwanawe. Tangu hapo anaogopa. Namhurumia, Mungu anajua. Lakini mtu anayeogopa asikae kule kibandani juu ya jukwaa kutuchagulia mchezo."

Hapo Emmett aliinuka, akamwaga kahawa yake kwenye sinki, akaondoka bila kofia. Sijui kwa nini ilimchoma kiasi hicho.

Na kaka yangu alikuwepo, mwanangu. Meza ya pembeni, anakula kabichi yake na tambi, kana kwamba anasemwa mtu wa mji mwingine. Amekonda. Shati linamning'inia.

Shangazi yako,
Pearl


Duluth
3 Oktoba 1994

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Mimi sijambo.

Baba hajawahi kuwa mwoga. Alikuwa anakimbiza mpira tangu zamani, kabla ya lolote kutokea. Hukumbuki Damian alivyokuwa akimtania mezani? "Mzee wa Yadi Mbili, nipitishie siagi, au siagi nayo tuikimbize?" Baba alikuwa akiamini katika yadi mbili kama watu wengine wanavyoamini katika kuweka akiba.

Naomba kitu kimoja, usiniulize sababu. Ikiwa ni jaribio la tatu na zimebaki nane, anakimbiza vipi? Kushoto, katikati, wapi? Kule juu kibandani huita kwa namba. Nataka kujua ni namba gani.

Binti yako,
Thekla


Belden Ferry
11 Oktoba 1994

Thekla mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Huku majani yameanza kuanguka na mimi nimeanza kukohoa, basi ni kawaida.

Nilimuuliza Emmett swali lako, akajifanya hasikii, yeye ambaye husikia filimbi kutoka upande wa pili wa mto. Basi nikamwendea Lou. Lou ana karatasi ya kila mechi, anaijaza akiwa jukwaani huku akitukana. Akafurahi kuulizwa.

"Keti, Pearl, usije ukaanguka," akaniambia. "Msimu huu imetokea mara tisa: jaribio la tatu, yadi nane. Mara zote tisa kaita kitu kimoja. Vijana wanakiita Ishirini na Mbili Kulia. Zikibaki tisa, anaita kingine. Zikibaki saba, kingine. Mara mbili hata amerusha, si uongo. Ila nane ni Ishirini na Mbili Kulia, na wapinzani wameshajua. Wanahamia wote upande ule, wanamsubiri kama watu wanaosubiri basi. Naye anawaletea."

Nikamuuliza, "Sasa hiyo inaitwaje kwa lugha ya mpira?"

Akasema, "Kwa lugha ya mpira haina jina. Hiyo si woga tena, Pearl. Sijui ni nini."

Mimi pia sijui. Wewe unajua? Mbona uliuliza?

Tarehe 23 ni sala ya kumbukumbu ya Damian, mwaka wa tatu. Njoo. Nauli nitakutumia. Kaka yangu hatakuomba, lakini kila mwaka huacha nafasi moja kwenye benchi upande wake wa kushoto, na mtu akitaka kukaa, yeye huweka kofia yake hapo.

Shangazi yako,
Pearl


Belden Ferry
31 Oktoba 1994

Thekla,

Hujambo, mwanangu? Wiki tatu bila neno. Nimepiga simu bwenini, wakasema upo, unakwenda darasani, unarudi. Basi unaumwa na kitu ambacho hakionekani.

Sala ilikuwa nzuri. Tuliimba ule wimbo wa kumbukumbu ya milele, na Basil akaimba na macho makavu. Kofia ilikaa kwenye benchi mpaka mwisho.

Baadaye, kule chini, Lou alimletea Basil karatasi ya sahihi za kumwondoa, uso kwa uso. Hilo namsifu, wengine wangepitia mlango wa nyuma. "Basil, nina sahihi mia mbili na kumi na nne. Bodi inakaa tarehe 14 Novemba. Nitasema kwamba uliita mchezo uliomuua mwanao, na tangu siku ile unatuchezesha sote mazishi yake. Sipendi kulisema. Nimeona heri ulisikie kwangu kwanza."

Kaka yangu akafuta mdomo. "Kahawa yako inapoa, Lou," akasema. Basi.

Kocha mkuu ameshasema hatamtetea. Mwanangu, kazi ile ndiyo inayomwamsha asubuhi. Akiondolewa kwa maneno yale, mbele ya mji mzima, sijui nitakayemkuta pale nyumbani. Niandikie.

Shangazi yako,
Pearl


Duluth
6 Novemba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Nilikuwa na barua yako ya tarehe 11 mfukoni siku zote hizo. Nilielewa nilipoisoma mara ya kwanza, nimesimama kwenye masanduku ya barua.

Unakumbuka kazi yangu mwaka ule. Baba alikuwa juu kibandani, mimi chini ukingoni mwa uwanja na hedfoni. Alikuwa akiita namba, mimi nikimpa mrushaji wetu, Damian, naye akiitafuta kwenye utepe aliovaa mkononi. Nilikuwa mlango tu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilijivunia kuwa mlango.

Tarehe 19 Oktoba, robo ya nne, tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Jaribio la tatu, yadi nane. Mchezo ukasimamishwa, Damian akaja ukingoni. Kocha mkuu alikuwa anabishana na mwamuzi. Nyuma yetu jukwaa zima lilikuwa linapiga miguu kwenye mbao, "Rusha! Rusha!", na Lou Vendetti mbele yao. Katika sikio langu Baba alisema, wazi kabisa, "Ishirini na Mbili Kulia."

Damian aliniambia kitu, ambacho sitakiandika hapa. Nami nikampa namba kumi na moja. Mpira mrefu. Sikukosea kusikia, Shangazi, wala sikusahau. Nilichagua. Nilitaka mara moja tu jukwaa lile lipate lilichotaka, na lipate kwangu.

Damian alirudi nyuma hatua tatu, tano, saba, mkono juu. Kabla hajaguswa na mtu, nikasikia masikioni penseli ikianguka juu ya meza kule kibandani. Baba aliona kwamba mchezo haukuwa wake. Aliona kabla yetu sote. Kisha ndipo wakaja wapinzani wawili kumwangusha, kutoka upande ambao Damian hakuwa anatazama.

Hospitalini, daktari alipouliza ilikuwaje, Baba alijibu, "Mimi niliita mpira mrefu." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akanitazama wakati anasema. Hajanitazama tena vile mpaka leo, wala hajaniuliza kitu. Nikanyamaza siku hiyo kwa sababu sikuweza kusema. Siku ya pili, kwa sababu sikuwa nimesema ya kwanza. Damian akafa siku ya tatu. Nilikuja Duluth kwa sababu ilikuwa mbali.

Sasa unajua Ishirini na Mbili Kulia ni nini. Haikuchezwa siku ile. Anaicheza sasa.

Thekla


Belden Ferry
10 Novemba 1994

Thekla,

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaisoma tena kwenye gari, kwa sababu Basil alikuja kunirekebishia bomba na sikuweza kukaa naye chumba kimoja.

Nimekukasirikia siku mbili. Leo nimechoka. Mlikuwa watoto wawili.

Nisikilize. Kaka yangu amebeba hili miaka mitatu ili wewe usilibebe. Alilichagua, kama wewe ulivyochagua. Ukija Jumatatu ukalisema mbele ya watu, utamvua kitu pekee alichokupa. Acha Lou aseme anachosema. Acha wamwondoe. Baki huko, usome.

Nakuomba.

Dada yake Basil,
Pearl


Belden Ferry
17 Novemba 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua. Nimepita mlangoni kwako mara mbili wiki hii na sikubisha hodi, kwa hiyo nakuandikia kutoka mitaa mitatu tu, kwenye meza ya jikoni ya Baba.

Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshakata tiketi ya basi. Hata ingefika kabla, ningekuja. Nimeifikiria njia nzima, na kuna mahali uko sahihi.

Hukuwepo mkutanoni, na utakuwa umesikia kila namna. Ilikuwa hivi. Lou alisoma karatasi yake yote. Nikainuka kutoka viti vya nyuma, nikasema niliyokuandikia, kwa maneno yale yale. Mtu akasema, "Mungu wangu." Mwenyekiti akamwuliza Baba kama ni kweli.

Akasimama. Akasema, "Binti yangu alimpenda sana mdogo wake. Ana huzuni, na huzuni inamsemesha. Mpira ule niliita mimi."

Na walimwamini, Shangazi! Niliona nyuso zao zikilainika kwa kunihurumia. Mama mmoja akanishika mkono anikalishe. Nilikuwa nimesafiri saa ishirini na nane kusema kweli, na uongo wa Baba ukaimeza mbele yangu. Nikasema tena. "Aliita Ishirini na Mbili Kulia." Nikasema mara ya tatu, na nadhani nilikuwa napiga kelele.

Ndipo mzee Emmett akainuka, koti bado mwilini. "Kaa, Basil," akasema. "Nilikuwa kibandani, kwenye kiti cha pembeni yako. Nilikusikia ukiita, na ile penseli niliiokota mimi. Uliniomba ninyamaze nami nimenyamaza miaka mitatu. Lakini umwite mtoto huyu mwendawazimu mbele yangu? Hapana, bwana. Hapana."

Hakuna kura iliyopigwa. Lou alitembea mpaka mezani, akachukua zile sahihi, akazikunja, akazitia mfukoni. Alipopita karibu na Baba akasimama. "Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele mbele ya wote," akasema. Baba akamgusa bega, akatoka nje.

Nilimfuata mpaka nyumbani, hatua kumi nyuma. Hakuufunga mlango. Siku mbili hatukusema kitu. Alipika mayai, akaweka sahani mbili. Nilianza kuamini kwamba umesema kweli, kwamba nimemvua na kumwacha uchi.

Jana asubuhi alikuwa anapaka mkate siagi, mgongo kwangu, akauliza, "Alikuambia nini?"

Nikasema, "Nani?"

"Damian. Pale ukingoni. Wewe ndiye wa mwisho kusema naye. Alikuambia nini?"

Miaka mitatu, Shangazi. Wote tulidhani ananilinda, na ni kweli, alinilinda. Lakini ukimya wangu ulikuwa umekalia maneno ya mwisho ya mwanawe, naye hakuweza kuyaomba bila kuvunja uongo wake mwenyewe. Hapo ndipo hukuwa sahihi.

Nikamwambia kama yalivyokuwa. Damian alitabasamu, kinga ya meno nusu nje, akasema, "Tek, mzee amelala huko juu. Nipe kubwa."

Baba aliweka kisu chini taratibu. "Amelala," akasema. "Mimi." Kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu nikiwa na miaka kumi na minane, na hakikuisha vizuri, kikageuka njiani. Nilisimama karibu naye mpaka kikapita. Akaniomba niyarudie, na lile tabasamu, na kinga ya meno. Nimeyarudia mara nne sasa.

Hajasema kama atarudi kibandani mwaka ujao. Sijamwuliza. Sauti ya penseli bado ipo; niliisikia leo alfajiri, na nilipotoka chumbani nikamkuta ameketi hapa kwenye meza hii, naye macho wazi. Nadhani huwa anaisikia saa hiyo hiyo.

Nilipiga simu chuoni jana mchana. Nimewaambia sitarudi muhula huu, na kitanda changu wamekwishampa mwanafunzi mwingine. Niko chumba cha Damian. Nguo zangu nimezitundika upande wa kushoto wa kabati, za kwake nimeziacha upande wa kulia.

Binti wa Basil,
Thekla