Meza ya Msiba wa Akina Tillery

Tolliver, Missouri
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu mpendwa Loretta,

Kwa majonzi makubwa ninakutangazia kifo cha masharubu yangu, yaliyofariki Jumanne asubuhi kwa ajali ya wembe. Upande mmoja ulitangulia kwa bahati mbaya, na wa pili nikauondoa kwa huruma. Bernadine, mke mwenye mapenzi, alinitazama wee, kisha akasema sasa nafanana na yai lililomenywa.

Baada ya msiba huo, hujambo? Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na televisheni? Sisi huku tu wazima, ila mahindi yanalilia mvua.

Najua umeshaletewa gazeti letu, linalosema nilisimama kishujaa nikaiokoa nyumba ya Bi. Augusta Tillery. Tafadhali usiyaamini yote.

Kazi yangu ya kuwatembeza wageni katika nyumba hiyo unaijua. Nawaonyesha kitanda alipozaliwa, meza aliyoandikia riwaya zinazosomwa dunia nzima, na mwisho nawapeleka jikoni. Hapo ndipo huwa napata makofi. Nawaambia kwamba mama yake alipofariki, naye akarudi kwa treni kutoka New York, mji mzima ulileta vyakula hadi meza ikalemewa. Wageni huukumbuka msiba wa namna hiyo katika riwaya yake maarufu, wakapangusa machozi, wakanunua kadi. Kunogesha mambo, kamati ilipanga mabakuli juu ya meza.

Sasa, wiki iliyopita katika kundi langu alikuwemo mama mmoja mwembamba mwenye fimbo. Sikujua kwamba ndiye Bi. Winifred, mtoto wa kaka yake Bi. Augusta, aliyerithi nyumba. Alikuja kimyakimya ili aamue jambo moja: auachie mji nyumba ile, au aiuze kwa watu wanaotaka kuibomoa wajenge kituo cha mafuta. Nami siku hiyo nilikuwa nimepamba moto. Nilimtia hata marehemu mama yetu, na kuku wake wa tambi, mstari wa mbele kabisa wa walioleta vyakula.

Bi. Winifred akainua bakuli, akaligeuza, akatazama chini yake. Akainua la pili. Halafu akaniuliza, kwa upole uliotisha, tangu lini mwanamke wa Tolliver akapeleka bakuli msibani bila kubandika jina lake chini. Atarudishiwaje? Loretta, kamati nzima, watu tuliolelewa jikoni kwenye misiba, tulinunua mabakuli mapya na hakuna aliyekumbuka majina. “Kijana,” akaniambia, mimi mwenye kipara na mjukuu, “siku ile nilikuwa jikoni humu humu, nikipanga vikombe. Hebu niambie mama yako alileta nini.”

Gazeti linasema hapo nikatoa hotuba. Hotuba ya wapi! Nilishika kiti, na mwalimu mmoja kutoka Ohio akanikamata mkono akidhani nazimia. Nikasema, kwa sauti ya panya, kwamba meza ilikuwa tupu. Kwamba kitabu cha kwanza cha Bi. Augusta kilimwanika kila mtu wa mji, mwuza nyama na kidole chake kwenye mizani, mchungaji na usingizi wake, na mji ukalipiza kisasi: siku ya msiba hakubisha hodi hata mtu mmoja. Bi. Winifred akasema hayo anayajua. Swali lake bado sijalijibu.

Basi nikamjibu, na sasa nakuambia na wewe, maana hukuwahi kuambiwa. Mama alinieleza wakati anaumwa. Alimpika kuku kweli, akabandika jina, akafika hadi getini kwa akina Tillery. Akaona mapazia ya majirani yakisogea. Akageuka. Unakumbuka siku ile, katikati ya wiki, tuliporuhusiwa kuongeza sahani mpaka tukalala sakafuni kwa shibe? Tulikuwa tunakula chakula cha msiba wa watu.

Nilitegemea fimbo. Bi. Winifred akaketi, akasema shangazi yake alikuwa dirishani. Alimwona mwanamke na bakuli lake getini, akamwona akigeuka. Jioni ile alisema, “Angalau mmoja alipika.” Miaka mingi baadaye, alipouandika ule msiba wa kitabuni, aliijaza meza yote akianzia kwa bakuli hilo moja.

Nyumba tumeachiwa. Sharti ni kwamba mabakuli yaondoke, meza ibaki tupu, nami nisimulie ilivyokuwa, pamoja na habari za mama. Nilipomweleza Bi. Opal Stroud, ambaye mama yake alikuwa nyuma ya mojawapo ya mapazia yale, alisema nimezidi kuropoka, akanifungia mlango. Kesho yake alionekana kwenye hoteli alikofikia Bi. Winifred, na bakuli la maharage, akamwambia kwamba limechelewa kidogo tu. Bi. Winifred aliligeuza kwanza, akasoma jina, ndipo akaomba kijiko.

Wasalimie wote hapo kwako. Bernadine anakusalimu, na anasema uje kiangazi uone yai kwa macho yako.

Mdogo wako akupendaye,
Wendell