Zima na Muzima

Byamungu, nimetoka sasa hivi kumuposea mujukuu wangu Mawazo huku Bwiza. Nacheka peke yangu njiani, watu wanadhani muzee amerukwa na akili.

Unajua babu wa binti ni nani? Yule polisi! Yule polisi wa soko, wa mwaka wa sabini na tano!

Unakumbuka walipokataza kamio zetu, yale malori, kusimama sokoni moteri ikiwaka? Usiku kucha tunaendesha, muchana tunalala ndani, na bila moteri ventilatere haizunguki kuleta upepo, joto linakupika. Mi nikalala ikinguruma. Akagonga mulango: "Zima! Zima!" Usingizini nikasikia ananijulia hali. Nikajibu, "Muzima, afande! Na nyumbani?"

Akaizima mwenyewe. Betri yangu mbovu ikakataa kuiwasha tena, kamio ikafunga njia, ikabidi yeye na wenzake wasukume. Ilipowaka, moshi wote ukamwingia usoni!

Basi leo tumekaa, ananitazama tu. Byamungu, ananitazama tu! Nikasema moyoni, posa imekufa, Mawazo hatanisamehe.

Mara akasimama, akaninyooshea kidole: "Zima!"

Kinywa changu hakikuniomba ruhusa: "Muzima, afande! Na nyumbani?"

Apana, we hungeweza kuvumilia! Nyumba yote kicheko. Yeye mwenyewe anafuta machozi, anasema: "Nyumbani wazima. Binti ni wenu. Lakini gari ya arusi ikikataa kuwaka, muzee, safari hii utasukuma we."