Maneno Saba ya Kétsia

Pinga, 14 Agosti 2013

Mdogo wangu mpenzi Kavugho,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini Kashuga, wewe na Baba Kétsia. Sisi huku tunapumua. Risasi za juma lililopita zilitoboa bati la duka tu.

Unakumbuka watoto wetu walivyofanana, Mumbere wangu na Kétsia wako, miaka minne kila mmoja, hawasemi, hawamtazami mtu machoni. Vita vikatutenganisha. Wewe ukampata Mama Elisabeth, mwalimu wa kambini, aliyekwambia kwamba si mapepo, ni otizimu, yaani usonji. Akawa anakaa na Kétsia mkekani, anafuata mchezo wake, na kila sauti aliyojaribu kuitoa inapata kipande cha ndizi. Mimi, kwa siri, mapadri wa parokia wasijue, nikampeleka Mumbere kwenye chumba cha maombi cha Isidore, anayefukuza mapepo kwa mfungo. Kwa Isidore, asiyeomba chakula kwa mdomo hali, na anayepungapunga mikono anachapwa mikono.

Ukaniandikia mara Kétsia kasema maji, mara kasema mama. Maneno saba kwa miezi mitano. Nami nikajibu kwamba Mumbere anawasalimu wateja dukani, na kwamba mwalimu wako anamdekeza mtoto. Samaki mkunje angali mbichi, nikakuandikia, mfukuze mwalimu na umnyime mtoto chakula hadi akiombe kwa mdomo, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na napenda kusikilizwa.

Jana Védaste wa pikipiki alinipa ujumbe wako: “Dada, tulifanya sawa vile ulisema. Mama Elisabeth tulimukatalia asikuje tena. Sasa Kétsia hasemi kitu, anajificha tu chini ya kitanda. Tuongeze siku ngapi za njaa?”

Usiongeze hata moja. Mumbere hakusema neno. Siku ya nne ya mfungo aliacha hata kulia, na mwezi wa tatu mwaka huu tulimzika nyuma ya duka. Barua zote ulizosoma kuhusu maneno yake niliziandika baada ya hapo. Ulipoandika kwamba Kétsia kakuita mama, wivu ulinitafuna hadi nikakuchukia. Na jana, niliposikia kwamba amenyamaza, nilifurahi kwanza, ndipo nikalia.

Mpe chakula leo. Mrudishe kwa Mama Elisabeth, umpigie magoti ikibidi. Akianza kusema tena, usiniandikie.

Msalimie Baba Kétsia, na Mungu awalinde.

Dada yako,
Mbambu