Siku Themanini na Nne Ambazo Hatukuzijua

Dada Manka,

Namba yako haipatikani tangu mwaka juzi, na wiki hii nimeijaribu mpaka mume wangu akaniuliza namtafuta nani. Kwa hiyo naandika. Nina ujauzito wa miezi saba, naogopa, na mtu pekee ninayetaka kumweleza ni wewe, ambaye sistahili hata kukuandikia.

Unakikumbuka chumba cha dobi pale hotelini, nyuma ya jiko? Wewe ndiye uliyenipokea nilipofika kutoka Singida, simjui mtu, sijui hata kushika ile pasi kubwa ya mvuke. Uliniita mdogo wangu kabla hujaniuliza jina. Wageni wakishuka mlimani na soksi zao za matope, ulizishika kwa ncha za vidole ukisema, "Huyu kilele alikifikia kwa kutambaa." Kila Jumatatu ulikuja na mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai, umepikwa na mama yako huko Old Moshi, ukanilazimisha ninywe mpaka chini. "Umekonda kama mwiko," ulisema.

Halafu harufu ya sabuni ikaanza kukusumbua. Ulikimbilia nje ukarudi umenawa uso. Siku moja ukanivuta nyuma ya kamba za mashuka, ukaniambia una mimba ya miezi mitatu. "Usimwambie mtu. Wakijua, nimekwisha." Nikaapa. Ukaanza kuvaa aproni ya mpishi, ile pana.

Ninachoandika sasa ndicho kilichonichelewesha miaka yote hii. Ni mimi niliyesema. Ulidhani ni watu wa jikoni. Hapana. Mama Lidia, msimamizi wetu, alinisimamisha kwenye korido akauliza, "Mwenzako anaumwa nini? Au ni uvivu tu, yeye na wewe?" Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki mbili. Nikasema, "Ni mjamzito." Sikutishwa zaidi ya hapo, Dada. Hiyo tu ilitosha.

Siku chache baadaye ukaitwa ofisini. Ulirudi na karatasi ukanionyesha: umeacha kazi kwa hiari yako kwa sababu za kifamilia, na sahihi yako chini. "Wameniambia nikajifungue, nikimaliza nirudi, wataangalia," ulisema, ukitabasamu kidogo kama mtu aliyefanyiwa hisani. Tukaikunja sare yako pamoja. Ukaniambia nipande huko Old Moshi nije kukuona. Sikuja. Nilisikia ulijifungua salama, kisha nikasikia uko Himo unauza mitumba, kisha sikusikia tena.

Sasa ni zamu yangu. Mume wangu ni mpagazi, unajua, na masika yakianza wageni wa mlimani wanapungua, naye anakaa nyumbani Njoro akishona viatu vyake vilevile. Mshahara wangu ndio unaotulisha. Kwa hiyo nilipojua nina mimba, nilijifunga kanga kwa nguvu chini ya sare, nikawa nabana pumzi kila Mama Lidia alipopita.

Nilipofikisha miezi mitano, muuguzi wa kliniki aliona alama za kanga kwenye ngozi.

"Hizi ni nini?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Kazini umeshapeleka barua ya likizo ya uzazi? Inatakiwa miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti kutoka hapa."

Nikamwambia sisi ni watu wa kufua, wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, hayo mambo ni ya walimu na watu wa serikali.

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijua hivyo tu, kama ulivyojua wewe.

Nilikwenda ofisi ya kazi mjini huku nikitazama nyuma kama mtu aliyeiba. Afisa, bado kijana, alinieleza polepole huku akiniandikia kwenye karatasi nisisahau. Ukishafanya kazi miezi sita una haki. Siku themanini na nne, au mia moja wakiwa mapacha, kwa mshahara kamili. Unaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua huruhusiwi kurudi kazini, labda daktari aseme unaweza. Ukirudi, unarudi kwenye kazi yako ileile, na kila siku unapewa hadi saa mbili za kunyonyesha. Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kosa.

Nikauliza, "Na kama kuna rafiki yangu, walimsainisha kwamba ameacha mwenyewe?"

Akauliza ni lini. Nilipomwambia akatikisa kichwa. "Malalamiko yanapelekwa ndani ya siku thelathini. Sasa itabidi aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini amechelewa. Si rahisi. Lakini mwambie aje."

Siku thelathini, Dada. Hizo ndizo siku nilizokuwa najificha nisikuone. Ningepanda hata Jumapili moja nikakiri, labda tungeuliza pamoja. Nilikaa kwenye ngazi za ile ofisi, mtoto akipiga teke, nikalia watu wakinipita.

Barua ya likizo niliiandika mara nne. Mume wangu alisema, "Usiwachokoze. Mkataba ukiisha hawatakupa mwingine." Sikumbishia, kwa sababu naogopa hilohilo. Nilimkabidhi Mama Lidia nakala mbili kama afisa alivyonishauri.

"Nani kakufundisha haya?"

"Nilikwenda ofisi ya kazi, mama."

Nilisubiri anifukuze. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akanirudishia bila kunitazama. "Mimi nilirudi kazini mtoto wangu ana siku kumi na nane," akasema. Kisha akanituma nikamalizie mashuka ya ghorofa ya pili.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Nimekubaliwa, na tarehe zimeandikwa. Ungedhani ningepumua. Naogopa watakaponiita kuhusu mkataba. Naogopa leba, na mama yangu yuko mbali. Naogopa hata namna meneja anavyonisalimia kwa upole siku hizi. Ila hakuna ninayemwogopa kama wewe.

Jumapili baada ya ibada nitapanda kwa mama yako. Nitamwamkia, na kabla hajanikaribisha kiti nitamweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Nitamwachia barua hii pamoja na maelezo ya afisa. Sikuombi unisamehe ili nijifungue kwa amani. Hapo nitakuwa nimekutumia mara ya pili. Ninachoomba ni uende kwa yule afisa, hata kama umechelewa. Mimi nitasimama popote watakaponiita niseme nilichokiona na nilichokisema, hata kama mkataba utakwenda. Nimeandika sentensi hiyo, na sijaifuta.

Baki salama, Dada, popote ulipo. Ukipiga simu, nitukane kwanza, nitanyamaza nisikilize. Halafu, ukiweza, niambie mtoto anaitwa nani.

Mdogo wako wa kwenye pasi