Sahani Arobaini na Moja

Jumatatu, 14 Julai

Kuni mbichi. Uji umechelewa dakika kumi na mbili. Mchana ugali na maharage, sufuria nne kama kawaida. Wanafunzi wa bweni 286. Nimewahesabu mwenyewe baada ya likizo. Karatasi ya ofisi bado inasema 291.

Sahani zilizorudi chafu 245. Safi, hazijaguswa, 41.

Mbona 41? Siku zote wanaokosa kula ni watano, sita, wagonjwa. Nimeonja maharage tena. Chumvi ipo, dudu hakuna. Leticia, msaidizi wangu, anasema labda watoto wamerudi na hela ya pamba, wanakula chapati dukani. Wazazi 41 wauze pamba siku moja? Sidhani.

Nitaangalia.

Jumatano, 16 Julai

Jana 41. Leo wali na nyama. Miaka minane napika hapa, siku ya nyama haijawahi kubaki hata punje. Wapo wanaorudi foleni mara ya pili wamevaa sweta la mwenzao.

Sahani safi: 41.

Nimekaa kwenye gogo nikaziangalia. Si maharage basi. Na si ugonjwa. Ugonjwa ungeleta 38, kesho 44. Hawa ni watu walewale.

Shule nzima iko mbio. Kidato cha nne wana mock ya mkoa tarehe 4 Agosti, na Jumamosi kabla yake ni Siku ya Sanaa. Saa kumi ngoma, saa kumi na moja hisabati ya ziada. Ratiba imepangwa na watu wasiojua kuwa mtoto ana tumbo. Hakuna aliyemuuliza mpishi.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi kutoka kanisani saa saba. Leticia alikuwa amepika makande peke yake. Nikamuuliza zimebaki ngapi.

"Sifuri, mama. Wamelamba mpaka mwiko."

Basi ni mimi.

Imeniuma. Nilianza kuuza uji stendi nina miaka kumi na saba. Nimelisha makondakta, mafundi, polisi. Hakuna aliyewahi kuukataa mkono wangu. Nimeoga mara mbili leo. Nimekata kucha ambazo tayari zilikuwa fupi.

Jumatatu, 21 Julai

41.

Jumanne, 22 Julai

Binti mmoja wa kidato cha nne, Pili, ameanguka kwenye hisabati ya ziada. Njaa. Mkuu wa shule kaniita.

"Mama Shija, chakula chako hakiliki. Watoto wanaingia kwenye mock na njaa."

Nikamweleza: 41 kila siku, walewale, isipokuwa Jumapili. Akasema hataki hesabu, anataka watoto wale. Siku ya mock sahani zikiwa bado zinabaki, bodi itampa tenda mwingine.

Nilifaulu darasa la saba. Nilichaguliwa kwenda sekondari, sikupelekwa. Kwa hiyo namba ikitoka kwenye mdomo wangu ni kelele. Ingetoka kwa karani ingeitwa ripoti.

Siku kumi na tatu.

Jumatano, 23 Julai

Nimempelekea Pili uji chumba cha wagonjwa. Ameugeuzia uso. Chini ya mto wake kulikuwa na michembe mitatu, viazi vikavu vya nyumbani, migumu kama kigae. Ndicho anachokula.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mayu," kaniita mama kwa lugha ya nyumbani, "naomba usiniulize."

Nikamtuma Leticia, yeye ni kijana, wanamwambia mambo. Jioni karudi na jibu. Wote 41 ni Kimbunga.

Makundi ya ngoma shuleni ni mawili. Radi wanacheza na majembe, kiongozi wao Holo. Kimbunga wanacheza na chatu wa mbao (wa kweli Mkuu alimkataa), kiongozi wao Masanja. Na mimi Jumamosi ile ya tarehe 12 nilipita uwanjani, nikawaona Radi wanarusha majembe kama watu wanaopalilia. Sikuvumilia. Nikachukua jembe, nikalirusha, nikalidaka nyuma ya mgongo kama baba. Nikapiga na vigelegele. Masanja alikuwa amesimama palepale.

Marehemu baba alikuwa ningi, kiongozi wa ngoma, kule Bukundi. Watu walisema ana dawa ya kuvuta watu na dawa ya kuwalegeza wapinzani miguu. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba msimu wa mashindano hakula hata muwa kutoka kwa mtu wa upande wa pili.

Kumbe ndivyo wanavyonifanyia. Binti wa ningi, mshabiki wa Radi, ndiye ameshika mwiko.

Nimekulia ndani ya mambo haya. Nilipaswa kujua. Nilidhani ni ngoma ya shule tu.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemwita Masanja. Kijana mrefu, ana adabu, na hiyo adabu ndiyo inayochosha. Amekataa kukaa.

"Mwadila, mayu," kanisalimia kama tunavyosalimiana mchana nyumbani.

"Mwadila. Wenzako wanaanguka darasani. Ninyi mnataka kucheza na mifupa?"

"Michembe ipo, mama."

"Kwa siku ngapi?"

Nikamwambia nitaonja sahani zao zote, mbele ya macho yao, kijiko kimoja kimoja.

"Haisaidii, mama. Wewe dawa ya baba yako haikudhuru."

Nikamwambia basi Leticia apike, nikae mbali.

"Leticia anakula kwako. Tena Jumapili tulikula hatukujua kama ulikuwa umeacha kitu. Tumejilaumu."

Nilitaka kumtandika. Lakini jibu lake lina mantiki. Ndani ya imani yake hakuna tundu. Nimetafuta tundu kwenye hilo mpaka maharage yakaungua chini.

Ijumaa, 25 Julai

Nimewaza kutwa nzima. Kuapa, Masanja hataamini. Padri, wengine si Wakatoliki. Viboko, hapana.

Yeye anaogopa kwamba najua sahani ipi ni ya nani. Je, nisipojua?

Jumamosi, 26 Julai

Nimemwambia hivi. Sufuria ni nne. Nikishapika nasogea mpaka mlangoni. Wewe ndiye unachagua sufuria ya Kimbunga, saa hiyohiyo, bila kuniambia mapema. Nyingine tatu ni za shule nzima, na Radi wamo humo.

"Robo bado ni robo, mama."

"Ni robo ya kuwapata ninyi. Robo tatu za kuwapata wangu. Nikiwa mchawi, nitakuwa mchawi mjinga."

"Na ukiweka kwenye zote nne, halafu wengine wote ukawapa kinga?"

"Kinga ya watu zaidi ya mia mbili! Masanja, hiyo dawa itakuja na lori."

Amecheka. Mara ya kwanza namwona meno.

Mchana kachagua sufuria ya tatu. Zimebaki 9.

Jumatatu, 28 Julai

Kachagua ya kwanza. Zimebaki 4. Pili kala sahani mbili, kisha kaficha uso.

Jumatano, 30 Julai

Jana 2. Leo 1. Nilianza kupumua.

Alasiri Leticia kaja anakimbia. Mwalimu Deus wa hisabati amesikia habari ya sufuria na ameipeleka ubaoni. "Mpishi ana sufuria nne..." Hakutaja jina, na hakuniomba. Nimekwenda kusimama chini ya dirisha la darasa. Hasira ilinipeleka, lakini nikabaki kusikiliza. Kumbe jambo hili lina mada yake, na linatokea kwenye mtihani. Miaka yote nilidhani ni akili ya kawaida ya sokoni, kumbe lina kitabu.

Swali lake: mpishi akitia dawa sufuria moja kila siku kwa siku sita, kundi likichagua bila kujua, ni mara ngapi katika mia litapatikana angalau siku moja?

Nilijibu moyoni: kidogo. Robo na ushee.

Yeye kaandika robo tatu mara robo tatu, mpaka zikafika robo tatu sita. Nimerudi jikoni nikafanya mwenyewe kwa mkaa sakafuni. 729 juu ya 4,096. Hiyo ni kukosa siku zote sita. Inabaki 3,367. Zaidi ya themanini katika mia.

Nimeangalia ile namba kwa muda mrefu. Nzuri sana. Na imeniua.

Alhamisi, 31 Julai

Sahani safi 33.

Wameimeza hesabu ya Deus wakaacha ugali wangu. Siku nne zimebaki.

Saa kumi na moja nimeingia darasani na aproni. Sikubisha hodi. Mwalimu Deus kashika chaki kama kashikwa anaiba.

"Mwalimu, umeandika upande mmoja. Andika na wa pili."

"Upi, mama?"

"Niwapate Kimbunga siku zote sita bila kumgusa mtu mwingine hata mmoja."

Kaandika robo mara robo, mpaka zikafika robo sita. Moja juu ya 4,096. Kasogea pembeni ili waone.

Nikawageukia. Nikawaambia: kuwapata ninyi mara moja, hata kipofu anaweza. Lakini siku nitakazokosa ninyi, dawa inakwenda kwa Holo na wenzake niliowafundisha kurusha jembe. Kuwalinda wangu siku zote sita nina nafasi moja katika elfu nne na tisini na sita. Nani anapika hivyo?

Holo kutoka nyuma: "Kwa hiyo sisi ndio tuache kula?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Masanja hakucheka. Alikuwa anaandika, anahakikisha. Pili akasema kwa sauti ndogo, lakini wote walisikia:

"Masanja, hesabu ni nzuri. Mimi nina njaa."

Mwalimu Deus kaniambia nje nina kichwa kizuri. Sikumshukuru. Alipaswa kuniomba sufuria zangu.

Ijumaa, 1 Agosti

Kachagua ya nne. Sahani safi: 0.

Nimehesabu mara tatu. Leticia kaniambia nitatoboa sahani kwa macho.

Sijui kilichofanya kazi ni namba au tumbo la Pili. Ningependa kujua.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku ya Sanaa. Wazazi wamekuja kutoka vijijini, mavuno yamekwisha, watu wana nafasi. Mkuu aliweka meza, waamuzi watatu, karatasi za alama. Kundi moja lianze, likimaliza lije la pili.

Hakuna mtu wa huku anayecheza hivyo. Ngoma za Radi zilipolia tu, za Kimbunga zikaitika upande wa pili wa uwanja. Makundi yote mawili kwa pamoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mkuu alipuliza filimbi mpaka akachoka, akakaa.

Nilihesabu kwa makumi. Mwanzo Radi walikuwa na kama 350, Kimbunga 240. Majembe yalikuwa yanapaa vizuri. Holo kadaka nyuma ya mgongo, nikapiga kelele kama mwehu. Nilisimama kwa Radi na sikujificha.

Kisha kule Kimbunga chatu wao wa mbao, vipande kumi na kimoja, akafungua kinywa akammeza Pili akiwa na dawati la mtihani kichwani. Ndiyo, na dawati. Watu wakaanza kuhama. Nikasikia dawati linagonga ndani ya mbavu za nyoka. Masanja anaimba, nyoka anajikunja, na Pili hatoki.

Anatokaje? Kinywa kimefungwa, na dawati ni pana kuliko ule mkia.

Miguu ikaondoka yenyewe. Sikwenda kwa ajili ya tenda, naandika hapa ambapo hakuna wa kumdanganya. Nilitaka kuona anatokaje. Baba angenitemea mate. Waamuzi nao waliiacha meza, nilikanyagana na mmoja.

Alitokea mkiani, amekaa kwenye dawati, kalamu mdomoni, anaandika. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mbavu za nyoka zilikuwa na bawaba, nilikwenda kuzikagua baadaye.

Holo alinikuta nimesimama huko. "Mama Shija! Umetuuza kwa sahani arobaini na moja!"

Kimbunga 390, Radi hawakufika 200.

Jumatatu, 4 Agosti

Mock imeanza. Shule kimya, hata kuku wa Mkuu wamenyamaza. Uji saa kumi na mbili kamili. Ugali na maharage saa sita na nusu, kabla ya karatasi ya hisabati. Leo hakuna aliyekuja kuchagua sufuria. Nilisogea mlangoni kwa mazoea, nikasimama peke yangu.

Sahani safi 0.

Mkuu kaja mwenyewe. Kauliza ngapi. Nikamwambia. Kaandika kwenye kijitabu chake. "Haya, Mama Shija, endelea na kazi." Kaondoka. Hakuomba radhi, na sasa hiyo sifuri ni ya ofisi.

Saa kumi na moja Masanja kapita jikoni ametoka kwenye mtihani, macho mekundu. Kasema swali la sufuria halikuja, limekuja la mipira kwenye mfuko. Amelifanya. Kisha kauliza kama kuna ukoko.

Nikaukwangua kwa mkono wangu, nikampa. Kaupokea kwa mikono miwili, kala amesimama.

"Huogopi tena?"

"Mashindano yamekwisha, mama."

Kumbe ni hivyo tu. Nimeudhika kidogo. Nilitaka aseme ameniamini, au angalau amezihakiki zile namba. Alitafuna, akaangalia ndani ya sufuria, akaniangalia mimi.

Nikamkwangulia na upande wa pili.